Jina Limebaki, Mafundi Wameondoka

Mwaka 2023 gemu ya kandanda inayochezwa zaidi katika vibanda vya PS vya Nairobi ilibadilishwa jina, na mitaani karibu hakuna aliyeshtuka. Kampuni ya EA ilikuwa imelitumia jina la shirikisho la FIFA tangu mwaka 1993. Makubaliano yake na shirikisho hilo yalipofika mwisho, toleo la Septemba 2023 likatoka likiitwa EA Sports FC 24. Kuanzia Kawangware hadi Dagoretti Corner, vijana waliendelea kuagiza "FIFA" na mwenye kibanda akaendelea kuwawekea, kwa kuwa mafundi walikuwa walewale, mpira ulipigwa vilevile, na vidole havikulazimika kujifunza upya.

Katika gemu za uigizaji, zile ambazo wachezaji wake huziita RPG, mambo huenda kinyume. Jina hubaki, mafundi huondoka. Wengine hujiuzulu, wengine kampuni yao hufilisika, wengine huachishwa kazi wakati gemu yao bado inasifiwa. Jina linalopendwa huuzwa kama mali nyingine yoyote, kisha studio mpya, pengine katika nchi nyingine kabisa, hukabidhiwa kazi ya kuendeleza ulimwengu ambao haikuubuni. Mashabiki hupokea habari hizo kwa hasira, na mara nyingi hasira hiyo hailengi panapostahili. Nimezifuatilia gemu hizi kwa muda mrefu na nina msimamo juu yake: kitu kikubwa ambacho studio mpya hurithi ni ahadi. Ikiitimiza, inaweza kubadilisha karibu kila kitu kingine na wachezaji wakaifuata.

Ahadi yenyewe ni rahisi kuieleza. RPG humwambia mchezaji kwamba mhusika huyu ni wake, kwamba atakavyomkuza ndivyo atakavyokuwa, na kwamba ulimwengu aliomo utamjibu kwa kila anachochagua. Ukimfunza maneno, maneno yatamfungulia milango. Ukimfunza wizi, madirisha. Vijana wengi wa Nairobi walikutana na mantiki hii bila kujua, ndani ya Grand Theft Auto: San Andreas ya mwaka 2004, iliyochezwa kwa PS2. CJ, mhusika wake mkuu, akila baga kupita kiasi alinenepa. Akienda kwenye jimu alipata misuli. Akiendesha gari mara nyingi, mkono wake ulitulia kwenye usukani. San Andreas si RPG kamili, lakini iliazima kiini chake, na aliyetaka CJ wake abaki vile alivyomlea alikuja kibandani na memori kadi yake mfukoni, kile kipande cheusi cha megabaiti 8, kwa sababu kadi ya kibanda ilikuwa ya kila mtu na yeyote angeweza kuandika gemu yake juu ya yako. Aliyewahi kupoteza hivyo kazi ya mwezi mzima anaelewa kwa nini watu wazima hulia jina la RPG waliyoipenda likipewa wageni.

Mfano wenye mafunzo mengi zaidi ni Fallout. Gemu ya kwanza ilitoka mwaka 1997 katika kampuni ya Interplay ya Marekani, chini ya Tim Cain na kikosi kidogo, ikimweka mchezaji katika California iliyoteketezwa na vita vya nyuklia. Kufikia mapema mwaka 1998 Cain na wenzake Leonard Boyarsky na Jason Anderson walikuwa wameshaondoka kwenda kuanzisha studio yao, Troika. Fallout 2 ikamaliziwa mwaka huohuo na waliobaki, katika kitengo kilichoitwa Black Isle. Interplay ilipoishiwa fedha, Black Isle ikafungwa mwezi Desemba 2003, na Fallout ya tatu waliyokuwa wakiitengeneza ikafia mezani. Kampuni ya Bethesda ikachukua leseni mwaka 2004, na mwaka 2007 ikalinunua jina lote kwa dola milioni 5.75.

Fallout 3 ya Bethesda ilitoka Oktoba 2008 ikiwa imebadilika kabisa kwa macho. Ya zamani ilitazamwa kutoka juu, kama ramani, na mapigano yalikwenda kwa zamu. Mpya ilimwingiza mchezaji ndani ya macho ya mhusika wake na kumwacha atembee katika magofu ya Washington. Mashabiki wakongwe walilalamika kwamba waliyoipenda imeuawa. Mimi naona walikosea kwenye lawama yao kuu. Mahali pa kamera hapakuharibu chochote. Udhaifu wa Fallout 3 ulikuwa kwamba hadithi yake kubwa, ya kijana anayemtafuta baba yake, ilimsukuma mchezaji kwenye njia iliyochorwa tayari, na majibu mengi ya ulimwengu yakabaki ya wema au ubaya mtupu.

Kisha likatokea jambo la nadra. Bethesda yenyewe ikatoa kandarasi ya Fallout nyingine kwa studio ya Obsidian, iliyoanzishwa mwaka 2003 na watu waliotoka Black Isle, wakiwemo Feargus Urquhart na Chris Avellone. Warithi wa asili wakarudishwa nyumbani kwao kama vibarua. Walipewa takribani miezi 18, wakatumia injini na vifaa vya Fallout 3, na Oktoba 2010 wakatoa Fallout: New Vegas chini ya uongozi wa Josh Sawyer.

Itazame kwa karibu saa yake ya kwanza tu. Uko katika kijiji cha Goodsprings, umeokolewa na daktari baada ya kupigwa risasi ya kichwa. Genge linakuja kukivamia kijiji kwa sababu kimemhifadhi mfanyabiashara mmoja. Unaweza kuwatetea wanakijiji au kujiunga na genge. Ukiwatetea, uliyemfunza maneno atamshawishi Trudy, mwenye baa, awaite watu wapigane. Uliyemfunza biashara atamfanya Chet afungue duka na kugawa silaha na mavazi ya kujikinga. Anayejua baruti atapewa na mzee Easy Pete zile alizozificha, na anayejua tiba atapata dawa kwa Daktari Mitchell. Ndani ya kijiji kimoja chenye nyumba za kuhesabika, kila ulichomjengea mhusika wako kinapata mtu wa kukijibu. Baadaye kuna jamhuri, kuna jeshi la watumwa, kuna tajiri anayeushikilia mji wa Vegas peke yake, na unaweza kumuunga mkono yeyote au kuwapindua wote. Gemu inapokwisha, unasimuliwa kilichoipata kila jamii uliyoipitia. Kamera ilikuwa ya Bethesda. Ahadi ilikuwa ya mwaka 1997.

Malipo yake yanauma kuyasimulia. Gemu ilitoka na hitilafu nyingi, jambo lisiloshangaza kwa kazi ya miezi 18. Mwaka 2012 Avellone alieleza hadharani kwamba Obsidian ililipwa ujira wa mkupuo bila mgao wa mauzo, na kwamba bonasi ingetolewa tu kama wastani wa alama za wahakiki kwenye Metacritic ungefika 85. Ulifika 84. Mwaka huohuo studio iliwaachisha kazi baadhi ya watu wake. Leo New Vegas inatajwa na wengi kuwa Fallout bora kuliko zote, na msimu wa pili wa tamthilia ya Amazon iliyoanza mwaka 2024 umeelekea mji huohuo wa Vegas. Microsoft iliinunua Obsidian mwaka 2018 na kukamilisha ununuzi wa kampuni mama ya Bethesda mwaka 2021, kwa hiyo aliyetoa kandarasi na aliyeitekeleza sasa wana tajiri mmoja.

Obsidian ilikuwa imepitia shida kama hiyo kabla. Ilikabidhiwa sehemu ya pili ya Star Wars: Knights of the Old Republic, ambayo sehemu yake ya kwanza ilitengenezwa na BioWare ya Kanada. Muda ulikuwa mfupi mno, ikatoka Desemba 2004 ikiwa na mwisho uliokatwakatwa. Vipande vilivyoachwa vilibaki ndani ya faili za gemu, na mashabiki wakajitolea kwa miaka kuvitoa na kuvishona upya. Sijui sanaa nyingine ambamo wasomaji huenda kwenye karatasi zilizotupwa na mwandishi na kuikamilisha riwaya yake bila malipo. Inaonyesha kuwa wapenzi hawa, ambao kampuni huwaona kama watu wa kelele, hulitambua deni la gemu hata pale studio ilipokosa muda wa kulilipa.

Baldur's Gate ni kisa cha upande wa pili, cha studio mpya iliyopewa muda. BioWare, iliyoanzishwa mjini Edmonton mwaka 1995 na kikundi chenye madaktari watatu, ilitoa Baldur's Gate mwaka 1998 na sehemu ya pili mwaka 2000. Baada ya nyongeza ya mwaka 2001 mfululizo mkuu ukanyamaza. BioWare ikaenda na mambo yake, jina likabaki chini ya Wizards of the Coast, tawi la kampuni ya Hasbro linalomiliki Dungeons & Dragons. Mwaka 2019 ikatangazwa kwamba sehemu ya tatu itatengenezwa na Larian, studio ya mji wa Ghent, Ubelgiji, iliyoanzishwa na Swen Vincke mwaka 1996.

Oktoba 2020 Larian iliweka sokoni sura ya kwanza tu ya gemu hiyo, ingali mbichi, na kuwauzia watu wakijua hivyo. Wakongwe wakapiga yowe. Gemu za BioWare zilikwenda mfululizo na kusimamishwa pale mchezaji alipotaka kutoa amri. Larian ilileta mapigano ya zamu, kama ilivyozoea katika Divinity: Original Sin zake. Walisema hii ni Divinity iliyovaa koti la Baldur's Gate. Lawama hiyo ilikuwa na ukweli ndani yake. Lakini Larian ilikaa karibu miaka mitatu ikitazama watu wanacheza, wanajaribu nini, wanakwamia wapi, wanatamani kumwambia nani neno gani ambalo halipo, kisha ikaandika majibu. Ilipotoka kamili Agosti 2023, ilishinda tuzo ya gemu bora ya mwaka kwenye The Game Awards.

Kuna kitu kidogo ndani yake kinachoeleza kwa nini. Mchezaji anaweza kupata uchawi wa kuzungumza na maiti na kuihoji maswali machache. Ukijaribu kumhoji mtu uliyemuua wewe mwenyewe, maiti inakataa kusema nawe. Mchezaji mwerevu hutumia uchawi mwingine kubadili sura yake kwanza, na maiti, isipomtambua muuaji wake, inajibu. Mtu fulani Ghent alikaa akafikiria kwamba maiti ina haki ya kinyongo, na mwingine akafikiria kwamba mchezaji atatafuta njia ya kukikwepa. Huko ndiko kutimiza ahadi, na hakuna mapigano ya zamu wala ya mfululizo yanayoweza kuleta hilo au kuliondoa.

Wakongwe hawakukosa hoja zote. Wahusika wawili wa zamani, Viconia na Sarevok, walirudishwa wakiwa wamepotoshwa kwa namna ambayo aliyeishi nao katika gemu za awali hawezi kuikubali, hasa Viconia, ambaye mchezaji angeweza kumwongoza polepole kutoka ukatili hadi utu. Kwa hiyo ahadi ina sehemu mbili: kujibu uchaguzi wa leo, na kuheshimu uchaguzi wa jana. Larian ilifaulu sana katika ya kwanza na kuyumba katika ya pili.

Na baada ya ushindi huo? Machi 2024 Vincke alitangaza kwamba Larian haitatengeneza nyongeza wala sehemu ya nne. Imerudi kwenye Divinity, mfululizo ambao ni wake. Jina la Baldur's Gate limebaki Hasbro, ambayo Desemba 2023, wakati gemu hiyo ikizoa tuzo, ilitangaza kupunguza wafanyakazi wapatao 1,100. Atakayepewa sehemu ya nne atairithi kutoka kwa studio ambayo yenyewe ilirithi.

Wapo walioshindwa. Vampire: The Masquerade – Bloodlines ilikuwa kazi ya Troika, iliyotoka Novemba 2004. Studio ikafungwa miezi michache baadaye na gemu ikawa kipenzi cha watu baada ya kifo cha walioizaa. Sehemu ya pili ilitangazwa mwaka 2019 ikiwa mikononi mwa studio ya Hardsuit Labs ya Seattle, akiwemo Brian Mitsoda aliyeiandika ile ya kwanza. Mwaka 2020 Mitsoda akaondolewa, mwaka 2021 studio nzima ikaondolewa, na kazi ikapelekwa kwa The Chinese Room ya Brighton, Uingereza. Ilitoka Oktoba 2025 na kupokewa kwa baridi. Mimi siwalaumu mafundi wa Brighton, wenye sifa yao katika gemu za masimulizi ya kutembea na kutazama. Walipewa jina lenye ahadi ya uhuru mkubwa, wakatoa hadithi nzuri kiasi yenye njia nyembamba. Ingeuzwa kwa jina jingine, wengi wangeishukuru.

Wajapani wana dawa ambayo Wamarekani wameizembea. Dragon Quest, iliyoanza mwaka 1986, imehama studio mara kadhaa: Chunsoft ilitengeneza sehemu tano za kwanza, Heartbeat ikashika ya sita na ya saba, Level-5 ikashika ya nane mwaka 2004 na ya tisa mwaka 2009. Sehemu ya nane ilibadilisha mambo makubwa, ikaleta ulimwengu mpana wa 3D ambao mfululizo huo haukuwa nao, na mashabiki wakaipokea kwa mikono miwili. Sababu ni kwamba katika kuhama kote huko watu watatu hawakuhama: mwandishi Yuji Horii, mchoraji Akira Toriyama na mtunzi wa muziki Koichi Sugiyama. Studio ilikuwa mpya, walinzi wa ahadi walikuwa walewale. Matatu ya 46 ikiuzwa kwa sacco nyingine, abiria wa Kawangware hawalii. Wanataka kujua tu kama bado inafika Kawangware, na dereva anayeijua njia akibaki, wanapanda.

Sasa tuje nyumbani, kwa sababu swali la urithi lina sura nyingine hapa. Nairobi haijawahi kuwa na RPG ya kurithiwa, na chanzo kimoja kiko kibandani. Kibanda hulipwa kwa mechi au kwa dakika. Mechi ya kandanda huisha upesi, aliyeshindwa anasimama, mwingine anakaa, na biashara inazunguka. RPG inataka saa 60 au 100 za mtu mmoja aliyekaa peke yake, na inataka hifadhi isiyoguswa na wengine. Hakuna mwenye kibanda Riruta au Ngando atakayekubali kiti chake kimoja kishikwe na mtu anayemhoji maiti. Nje ya kibanda bei ni ukuta. Baldur's Gate 3 ya kompyuta ilitoka ikiuzwa dola 60, ambazo kwa dola ya shilingi 129 ni zaidi ya shilingi 7,700, na inataka nafasi ya gigabaiti 150. Kwa anayeishi kwa bando la simu, kuipakua tu ni mradi. Wanaocheza hutegemea diski zilizotumika za madukani katikati ya jiji, ubadilishanaji kati ya marafiki, au punguzo la miaka baadaye. Wanakutana na Fallout ikiwa imeshazeeka, na wanaipenda hivyohivyo.

Vipaji havikukosekana. Mwaka 2007 Wesley Kirinya alitoa The Adventures of Nyangi, gemu ya 3D ya kompyuta kuhusu mwanamke anayetafuta vitu vya kale, na injini yake aliijenga mwenyewe. Mwaka 2009 yeye na Eyram Tawia wa Ghana wakaanzisha Leti Arts, wakiwa na makao Accra na Nairobi, wakachora na kutengeneza gemu za mashujaa kama Ananse na Shaka. Machi 2010 kituo cha teknolojia cha iHub kikafunguliwa katika jengo la Bishop Magua kando ya Barabara ya Ngong, Kilimani, ambayo leo ni wadi ya Dagoretti Kaskazini. Kwa miaka kadhaa, kijana kutoka Waithaka au Kawangware aliyekuwa na wazo na kompyuta ndogo alikuwa na mahali pa kwenda bila kupanda ndege. Mwaka 2015 studio ya Andrew Kaggia, Black Division Games, ikatoa Nairobi X, gemu ya kupigana na viumbe wa anga za mbali waliouvamia mji huu. Watu walizizungumzia kazi hizi kwa fahari, wakazipakua, wakaendelea na FIFA. Nyangi hakupata mfululizo. Mfululizo hujengwa na sehemu ya pili, na sehemu ya pili hulipiwa na faida ya ya kwanza, ambayo haikuja.

RPG halisi ya Afrika ilitoka Yaoundé. Studio ya Kiro'o ya Olivier Madiba ilichangisha karibu euro 50,000 kwa wapenzi wa gemu mwaka 2015 na kutoa Aurion: Legacy of the Kori-Odan Aprili 2016. Enzo, mwana wa mfalme wa Zama, anapinduliwa siku ya kutawazwa kwake, na yeye na mkewe Erine wanazunguka dunia kukusanya nguvu za mababu. Ina kasoro zake katika uandishi, mazungumzo ni marefu kupita haja. Lakini ilithubutu kumfanya mke mwenza wa safari na wa maamuzi, jambo ambalo gemu nyingi tajiri zaidi hazijalifikiria.

Kwa upande wetu wa bara, kisa kilicho karibu zaidi ni cha Abubakar Salim, Mwingereza mwenye asili ya Kenya. Wachezaji walimjua kwanza kwa sauti: ndiye Bayek katika Assassin's Creed Origins ya mwaka 2017, gemu ambayo kwayo mfululizo huo wa Ubisoft ulianza kugeuka RPG. Baba yake alikuwa amefariki, na kutokana na msiba huo akaanzisha Surgent Studios, iliyotoa Tales of Kenzera: Zau Aprili 2024 kupitia EA, kampuni ileile ya kandanda. Zau ni mganga kijana anayefanya makubaliano na Kalunga, mungu wa mauti, ili amrudishe baba yake. Gemu hiyo ni ya kuruka na kupigana, si RPG. Ila unaweza kuicheza yote kwa sauti za Kiswahili, na kwa msemaji wa Kiswahili aliyekulia kwenye gemu za Kiingereza, kumsikia shujaa akiomboleza kwa lugha ya nyumbani ni kitu kinachomfanya aweke padi chini kidogo.

Julai 2024 Surgent iliachisha watu kazi. Oktoba mwaka huo ikaonyesha sampuli ya RPG ndani ya ulimwengu uleule wa Kenzera, mradi ulioitwa Uso, huku ikitafuta mfadhili na kuwaambia mafundi wake kwamba nafasi zao ziko hatarini. Mapema mwaka 2025 Pocketpair ya Japani ikajitokeza kufadhili, lakini kazi iliyotoka Julai mwaka huo, Dead Take, ni ya kutisha na haina uhusiano na Kenzera. Hata hivyo kuna tofauti moja kubwa na kisa cha Obsidian. Kenzera ni ya Surgent. Mfadhili akija leo au baada ya miaka mitano, atamkuta mwenye ulimwengu ndiye aliyeubuni, na hakuna mkutano wa wanasheria huko mbali unaoweza kumkabidhi Kalunga kwa studio nyingine.

Hapa ndipo ninapotaka studio za Nairobi ziwe kali. Kazi nyingi inayowafikia vijana wetu ni ya kandarasi: kuchora mandhari, kuhuisha wahusika, kujaribu gemu za wengine. Ni kazi halali na inalipa kodi ya nyumba. Lakini mkataba ukigusa mhusika au ulimwengu uliobuniwa hapa, jina lisiuzwe kwa ujira wa mkupuo, na bonasi isifungwe kwenye wastani wa alama ambazo fundi hana mamlaka nazo. Obsidian ilikuwa studio yenye majina makubwa na bado ilikosa bonasi kwa alama moja. Chipukizi wa Kilimani hana ubavu huo.

Upande wa wachezaji haujalala. Tazama wanavyoifanyia Bus Simulator Indonesia, gemu ya simu ya studio ya Maleo iliyotoka mwaka 2017. Wakenya wameipaka rangi za mabasi na matatu zao, wakaweka michoro ya kampuni za safari tunazozipanda, na sasa mtu aliye ndani ya matatu halisi iliyokwama Naivasha Road anaendesha nyingine kwenye simu. Hakuna aliyewapa leseni ya kurithi. Waliiona gemu yenye nafasi ndani yake, wakaingia. Mtu anayetafuta waandishi na wachoraji wa RPG ya kwanza ya Nairobi ningemtuma kwao kabla ya kumtuma chuo kikuu.

Na RPG hiyo ingefaa ipimwe kwa kibanda. Dragon Quest ya mwaka 1986 haikuwa na memori ya kuhifadhi. Mchezaji alipewa maneno ya siri, akayaandika kwenye karatasi, na kesho yake akayaingiza na kuendelea pale alipoachia. Gemu yenye sura za dakika 15, ikimpa mchezaji namba ya siri ya kuweka kwenye simu yake, ingeweza kuchezwa kwa malipo ya mechi moja Kawangware leo na kuendelezwa Kangemi kesho, kwenye mashine yoyote, bila mtu kufuta safari ya mwingine. Mwenye kibanda hapotezi kiti, na mchezaji anampata mhusika aliye wake. Fedha ya kuanza si kubwa kama ya Ghent. Kinachohitajika ni fundi wa programu anayevijua vibanda hivi, waandishi wawili watatu wenye masikio, na mkataba unaosema tangu ukurasa wa kwanza kwamba ulimwengu huo ni wa waliouandika.